Ukiandikwa Jina, Uliza Daftari Linalala Wapi

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Ilikuwa imetoka Bukoba jioni iliyotangulia, ikapitia Kemondo na kuongeza abiria juu ya abiria. Uwezo wake ulikuwa watu 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Waliopanda daraja la tatu hawakuandikwa popote. Ndiyo maana mpaka leo hakuna anayeweza kutaja idadi ya waliokufa akamaliza ubishi: makadirio yanaanzia mia tano na ushee hadi kukaribia elfu moja. Pale makaburini Igoma wamelala watu waliokufa katika ajali hiyo.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, kikitokea Bugolora. Kilijengwa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Mkatisha tiketi alikufa majini na mashine yake ikapotea, hivyo waliokuwamo walijulikana kwa kuopoa miili na kwa watu kusimama ufukweni wakitaja majina ya ndugu wasioonekana.

Naanza na vifo hivi kwa makusudi. Mazungumzo mengi kuhusu taarifa binafsi huanza na jambo baya ambalo serikali inaweza kukufanyia ikikujua. Kwetu sisi tunaoishi kando ya Ziwa Viktoria, inabidi tuanze na yanayotokea serikali isipokujua. Mtu asiyeandikwa hafidiwi upesi, cheti chake cha kifo hakitoki upesi, na watoto wake wanahangaika na mirathi kwa sababu hakuna karatasi inayosema alikuwa safarini.

Ushauri wangu nautoa mapema ili usiutafute mpaka mwisho. Jiandikishe kila mahali sheria inapokutaka, na ukijiandikisha sema kweli. Lakini usitoe jina, namba wala kidole kabla hujaambiwa ni cha nini, kinakwenda kwa nani na kitatunzwa wapi. Anayejificha hajilindi, na anayemwaga kila kitu bila kuuliza hajilindi pia. Kinachomlinda mwananchi ni kuuliza, na kuuliza huko sasa kuna sheria nyuma yake.

Najua kwa nini watu wa huku wanasita, na sitaki mtu yeyote aite kusita huko ujinga. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wake mkubwa wa maendeleo ya Usukuma. Ng'ombe walihesabiwa. Walipokwisha kuhesabiwa likaja agizo la kupunguza mifugo, na kodi ya ng'ombe juu yake. Hasira ya wafugaji na wakulima wa pamba ikakipa chama cha TANU nguvu Kanda ya Ziwa kiasi kwamba mwaka 1954 Waingereza walikizuia kufanya kazi huku, na zuio hilo likadumu miaka kadhaa. Mzee aliyeyapitia hayo aliwafundisha wanawe kwamba idadi ya ng'ombe wa boma haitajwi mbele ya mgeni mwenye kalamu. Fundisho hilo limerithiwa pamoja na ng'ombe wenyewe, na afisa yeyote anayeuliza swali la mifugo huko Magu, Kwimba au Misungwi analikuta mlangoni.

Halafu kuna kodi ya kichwa, iliyorudi baadaye kwa jina la kodi ya maendeleo. Wanaume wengi wa rika la baba zetu walilala vichakani mgambo walipopita kukagua risiti. Ilifutwa mwaka 2003. Si zamani. Mtu mwenye miaka arobaini leo anakumbuka baba yake akitoka nyumbani alfajiri bila kuaga. Ukimwuliza mtu huyo leo, "Humu ndani mnaishi wanaume wangapi?", unagusa kitu ambacho fomu yako haikijui.

Na Septemba 2013 ilikuja Operesheni Kimbunga, iliyoendeshwa Kagera, Geita na Kigoma dhidi ya wahamiaji haramu. Miongoni mwa waliotakiwa kuondoka walikuwamo waliooa, waliozaa na kulima huku kwa miaka mingi. Tangu hapo, kwa kaya nyingi za upande wa magharibi wa ziwa, swali la "baba yako alizaliwa wapi" si swali la kujaza nafasi kwenye karatasi. Kwao linagusa kama watakuwa hapa mwaka kesho.

Kwa hiyo usiniambie kwamba watu wanaogopa kwa sababu hawajaelimishwa. Wanaogopa kwa sababu wanakumbuka. Swali la kujiuliza ni kama woga huo bado unatazama upande sahihi. Mimi naamini sehemu kubwa ya woga wetu inatazama mlango ambao mwizi haupitii tena.

Angalia jinsi tunavyoishi. Mama anayeuza dagaa Kirumba mwaloni atamkwepa karani wa halmashauri anayeandika wafanyabiashara. Lakini mama huyohuyo ameacha nakala ya kitambulisho chake kwenye steshenari tatu, ameituma picha ya kitambulisho hicho kwa WhatsApp kwa kijana aliyemwahidi mkopo, na simu yake ina programu ya mikopo iliyosoma majina yote kwenye orodha ya mawasiliano yake. Akichelewa kulipa siku mbili, programu hiyo inawatumia ujumbe wa kumwaibisha shemeji, mchungaji na wateja wake. Hali hiyo ilifikia mahali ambapo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni yake. Karani aliyekwepwa alikuwa amefungwa na kiapo na sheria. Wenye programu hawakufungwa na chochote alichoweza kukishika mkononi.

Hapa ndipo ninapotaka tukae zaidi. Hatari inayomkuta mtu wa kawaida Mwanza leo mara nyingi inatoka kwa mikono iliyo katikati ya mwananchi na serikali: wakala wa laini chini ya mwavuli, kijana wa steshenari, dalali anayedai anaharakisha kitambulisho, jirani anayeshikilia daftari kwa sababu mjumbe amesafiri.

Chukua laini ya simu. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019. Mwisho ulikuwa Desemba 31. Rais Magufuli aliposajili laini yake kule Chato mwishoni mwa Desemba aliongeza siku 20, na kuanzia Januari 20, 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Wengi tunakumbuka foleni za ofisi za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, siku hizo, watu wakilala nje ili wapate namba tu, hata bila kadi. Kilichofanyika kilikuwa kikubwa: kwa miezi michache nchi nzima ikaunganisha kidole na namba ya simu. Lakini kwa haraka ile wengi walizoea kuweka kidole popote walipoambiwa. Wakala anasema, "Haijasoma, weka tena." Unaweka. "Bado, weka na kingine." Unaweka. Mara moja kati ya hizo huenda umesajili laini ya mtu usiyemjua, na siku laini hiyo itakapotumika kuwatumia watu ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii," jina litakalotokea ni lako.

Kwa hiyo fanya hivi. Bonyeza *106# kwenye simu yako, fuata maelekezo, uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, usiishie kulalamika kwa majirani. Nenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni yenyewe, si kwa wakala wa barabarani, udai namba hiyo iondolewe, na uandike tarehe na jina la aliyekuhudumia. Ujumbe wa kitapeli ukiingia, upeleke kwenda 15040, namba ambayo Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) imeitenga kwa kazi hiyo. Na wakala akikuambia uweke kidole mara ya pili, omba uone kioo cha kifaa chake kwanza. Sema kwa adabu, "Samahani ndugu yangu, nionyeshe imeandika nini." Wakala mwaminifu hatakasirika.

Namba ya kitambulisho cha taifa nayo inahitaji maneno machache. Ina tarakimu 20, na tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, ikianza na mwaka. Maana yake, kila aliyeona namba yako anajua ulizaliwa lini. Wengi wetu tumeweka mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya pesa za simu. Kama wewe ni mmoja wao, badilisha leo kabla hujasoma aya inayofuata. Ukiacha nakala ya kitambulisho mahali, umeacha na ufunguo.

Kuhusu nakala hizo: kila unapolazimika kutoa fotokopi, andika juu yake kwa kalamu, mstari ukipita katikati ya nakala bila kufuta picha wala namba, imetolewa kwa nani, kwa kazi gani na tarehe gani. "Kwa ajili ya maombi ya leseni ya biashara tu, Ilemela," kisha tarehe na saini. Nakala yenye maandishi hayo ni vigumu kutumika kukopea mahali pengine. Ukijazia maombi steshenari, iwe ya TIN, mkopo wa elimu ya juu au ajira, simama hapohapo mpaka faili lako lifutwe kwenye kompyuta na hadi kwenye kapu la taka la kompyuta hiyo, na barua pepe yako ifungwe. Vijana wengi wa steshenari huwafungulia barua pepe wazazi wanaowaambia, "Mwanangu nisaidie, nywila weka unayoijua wewe." Usifanye hivyo. Kama huwezi kuandika mwenyewe, nenda na mtoto wako au mtu wa nyumbani unayemwamini, nywila aiweke yeye.

Sasa, sheria. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa kwa nafsi yake, maisha ya familia yake, nyumba yake na mawasiliano yake. Kwa miaka mingi ibara hiyo ilibaki bila sheria ya kuifanyia kazi upande wa taarifa. Mwaka 2022 Bunge likatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Sheria inawabana wakusanyaji wa serikali na wa binafsi pia. Inamtaka anayekusanya akueleze, kabla hajaanza, kwa nini anakusanya na nani atakayepewa. Inakupa haki ya kuona kilichoandikwa kukuhusu, kudai kirekebishwe kama kina kosa, na kudai fidia ukiumizwa. Afya yako, habari za watoto wako, alama za mwili wako na miamala yako ya fedha zinahesabiwa kuwa nyeti na zinalindwa zaidi. Mtu anayefichua taarifa hizi kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 20 au kufungwa hadi miaka 10.

Sheria hiyo ina mapungufu. Inaacha milango kwa sababu za usalama wa nchi na upelelezi wa makosa, na mwaka 2024 Mahakama Kuu ilikuta baadhi ya vifungu vyake vimeandikwa kwa maneno mapana mno na kuagiza virekebishwe. Nalihesabu hilo kuwa jambo jema. Mwananchi alikwenda mahakamani kuuliza, na mahakama ikajibu. Majirani zetu Kenya walipita njia hiyohiyo kwa kishindo zaidi. Mpango wao wa utambulisho, Huduma Namba, ulipoanzishwa mwaka 2019 watu walipelekana mahakamani. Januari 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi ikasema mpango hauwezi kuendelea bila kanuni za kutosha za kulinda taarifa, na Oktoba 2021 ikasema kadi zilitolewa kinyume cha sheria kwa kuwa serikali haikupima kwanza athari zake kwa faragha. Wakenya hawakukataa kuandikwa, walikataa kuandikwa ovyo. Nakuomba uchukue msimamo huohuo.

Msimamo huo unaonekanaje ukiwa umesimama mbele ya meza ya ofisi? Tuanze na serikali ya mtaa, maana ndipo tunapoandikwa mara nyingi zaidi. Umehamia Buhongwa kutoka Sengerema, mwenyekiti wa mtaa anataka jina, kazi, simu na idadi ya watu wa nyumbani. Mpe. Barua ya utambulisho utakayoihitaji kesho benki au polisi inategemea daftari hilo. Lakini akiuliza dini, kabila au chama, muulize kwa heshima, "Mwenyekiti, hiki kinatumika wapi?" Asipokuwa na jibu, una haki ya kuacha nafasi hiyo wazi. Na ukitakiwa kulipa chochote, dai namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Fedha iliyokwenda mfukoni mwa mtu haina ushahidi.

Kitambulisho cha taifa kwa mara ya kwanza ni bure. Anayekuomba hela ya kuharakisha anakuuzia kitu ambacho ni chako. Ukienda kujiandikisha, jambo litakalokusumbua kuliko yote ni majina. Usukumani jina moja linaandikwa kwa namna tatu: cheti cha ubatizo kinasema Ng'wandu, cheti cha darasa la saba kinasema Mwandu, kadi ya kliniki imeandika Ngwandu. Mifumo ya sasa inasomana, na mashine haijui kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Amua mapema jina lako liandikwe vipi, lifuatishe cheti cha kuzaliwa, na pale palipo na tofauti andaa hati ya kiapo kabla shida haijakupata. Kustaafu, kurithi shamba, kulipwa bima, yote hukwama kwenye herufi moja. Wale wenye kadi zilizokwisha kuchapishwa na bado zimelala ofisi za kata, nendeni mkazichukue. Kadi yako ikikaa kwenye droo ya ofisi, anayeweza kuishika ni mwenye ufunguo wa droo.

Kama una mtoto wa chini ya miaka mitano, cheti chake cha kuzaliwa kinapatikana bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata kupitia mpango wa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Usingoje aanze shule. Na kama wewe au mzazi wako mna asili ya ng'ambo ya mpaka, au mmeishi karibu na mpaka, tunzeni nyaraka zote za zamani: cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, risiti ya kodi ya babu, leseni ya baiskeli, cheti cha shule ya msingi. Ukiulizwa uraia, sema ukweli ulivyo. Uongo mdogo unaosemwa kwa woga leo, mathalani kwamba baba alizaliwa Nyamagana ilhali alizaliwa Rakai, ndio utakaoonekana kesho kama kosa la jinai, wakati ukweli wenyewe huenda usingekuzuia kuwa raia. Ukiona maswali yamekuwa mazito, omba uyajibu ukiwa na mzee wa ukoo au mwanasheria wa msaada wa kisheria.

Sensa nayo ina woga wake. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu waliigomea kwa sababu kipengele cha dini hakikuwamo, na wapo waliojificha kwa sababu za kodi. Mwaka 2022, usiku wa kuamkia Agosti 23, hali ilikuwa tulivu zaidi: watu 61,741,120 wakahesabiwa, na Mkoa wa Mwanza ukaonekana una watu 3,699,872. Karani wa sensa anakula kiapo cha kutunza siri, na Sheria ya Takwimu inakataza habari za kaya moja moja kutolewa kwa mtu wala taasisi, ikiwamo ofisi ya kodi. Kama kuna mahali ambapo kuficha kunaumiza tu, ni hapo. Kisiwa chenye kambi za wavuvi zilizojaa watu, kikihesabiwa nusu, kinapata dawa za nusu.

Hilo linanileta visiwani na mialoni, ambako nina wasiwasi zaidi kuliko mjini. Mvuvi wa dagaa anahama na samaki. Mwezi huu yuko Ukara, ujao yuko Goziba, baadaye Kome. Kambini wanamjua kwa jina la utani. Akizama usiku, mwenye mtumbwi anabaki na maiti ya mtu ambaye hajui kwao ni wapi. Kila mwalo una BMU, kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, na moja ya kazi zake ni kuweka kumbukumbu za wavuvi na vyombo. Ndugu yangu mvuvi, jiandikishe hapo kwa jina lako la kweli, wilaya ya kwenu, na simu ya mtu wa nyumbani. Kama unadhani orodha hiyo itatumika kukusaka kwa nyavu haramu, tatizo liko kwenye nyavu, na jina la utani halitakuficha, kwa sababu mtumbwi unaonekana.

Afya ni jambo nyeti kuliko yote huku. Kila mtu anajua kwamba maambukizi ya VVU kwenye jumuiya za wavuvi yamekuwa juu kuliko maeneo mengine mengi, na wapo wanaovuka maji kwenda kuchukua dawa kituo cha mbali ili wasionwe na majirani. Siwalaumu. Ila wengine wanaandikisha jina la bandia, na hapo ndipo hatari inapoanza. Ukihamia kisiwa kingine ukiwa na jina jingine, muuguzi wa huko hawezi kuona ulitumia dawa gani wala lini uliacha, na anaweza kukuanzishia upya kile ambacho virusi vimeshakizoea. Toa jina la kweli, halafu dai usiri wa kweli. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu VVU na UKIMWI inamfunga mtumishi wa afya asitoe majibu yako. Ukiitwa kwa sauti dirishani pamoja na jina la dawa, una haki ya kusema, "Naomba tuongee ndani." Ukiona faili lako limeachwa benchi, lipeleke kwa mganga mfawidhi na umweleze.

Nawageukia wanaoandika, kwa sababu mzigo wote hauwezi kubebwa na anayeandikwa. Mtendaji, mwenyekiti, kiongozi wa BMU: daftari lililo wazi mezani, kila anayeingia akisoma simu za waliotangulia, ni uvunjaji wa sheria hata kama hukukusudia. Tumia karatasi ya kufunikia safu za juu. Funga kabati. Usimpe mfanyabiashara wala mgombea wa chama chochote nakala ya orodha ya wakazi, hata akikuletea barua nzuri. Ukipanga uandikishaji kambini, angalia mwezi: wavuvi wa dagaa huvua giza na kupumzika mbalamwezi, kwa hiyo ukienda usiku wa giza utaandika wake zao na kusema wanaume wamekimbia. Na ukishakusanya, rudi useme kilichotokea. Wafugaji wa miaka ya 1940 walijua hesabu ile ilitumika kufanya nini kabla hata wino haujakauka; wananchi wa leo mara nyingi hawaambiwi kabisa, na kimya hicho ndicho kinachowafanya waamini mabaya.

Ukidhulumiwa je? Andika. Malalamiko ya mdomo yanaishia barabarani. Barua ya nusu ukurasa inatosha: taarifa gani, ilitolewa na nani, lini, imekuumiza vipi, unataka nini kifanyike. Ipeleke kwanza kwa ofisi au kampuni iliyohusika, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wasipokujibu, peleka malalamiko yako pamoja na nakala hiyo yenye muhuri kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kama hela yako imeibwa kwa njia ya simu, anzia polisi uchukue namba ya jalada siku hiyohiyo, kwani kampuni ya simu itakuuliza. Na mtu yeyote akikupigia akisema anatoka NIDA, TCRA au benki, akitaka namba ya siri au tarakimu zilizotumwa kwenye simu yako, kata simu. Hakuna ofisi ya serikali inayohitaji namba yako ya siri kwa kazi yoyote.

Mkutano wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mitaa ya mjini nayo ina mikutano yake. Mkutano ujao, baada ya mapato na matumizi kusomwa, simama wewe msomaji, msalimu mwenyekiti, umuulize mbele ya watu wote: daftari letu la wakazi linalala wapi usiku, na nani wana ufunguo? Kisha omba jibu hilo liandikwe kwenye muhtasari.